Umepona Homa ya Ini C: Upime Nini, Wapi, na Ulipe Kiasi Gani

Mtu aliyemaliza wiki 12 za vidonge vya homa ya ini C, akasubiri wiki nyingine 12, kisha akapimwa wingi wa virusi na kuambiwa havionekani, amepona. Hilo lisemwe kwanza, maana wapo wanaorudi maabara kulipia tena kile kipimo cha haraka cha tone la damu, na kila wakirudi wanakuta mistari miwili ileile. Kipimo kile hakitafuti kirusi. Kinatafuta kingamwili, na kingamwili hubaki kwenye damu miaka na miaka, kwa wengi mpaka mwisho wa maisha. Kukilipia baada ya kupona ni kutupa hela. Ukitaka kujua kama umeambukizwa upya, jambo linalowezekana kwa sababu kupona hakuleti kinga, kipimo chake ni cha wingi wa virusi. Mashine za GeneXpert zinazotumika nchini Tanzania kupima kifua kikuu zina katriji ya kazi hiyo, kwa hiyo swali la kuuliza maabara ni kama katriji ya homa ya ini C ipo, si kama mashine ipo.

Swali linalostahili pesa yako ni jingine: kirusi kimeondoka, je, kimeliacha ini katika hali gani?

Kwa muda mrefu swali hilo halikuwa na nafasi, kwa kuwa dawa yenyewe ilikuwa haishikiki. Sofosbuvir ilipoidhinishwa Marekani mwishoni mwa 2013, kidonge kimoja kiliuzwa dola 1,000, na dozi ya wiki 12 dola 84,000. Mwaka uliofuata kampuni iliyoimiliki ikatoa leseni kwa viwanda vya India kutengeneza dawa hiyo kwa ajili ya nchi maskini, na kufikia 2023 mashirika ya afya yalitangaza bei ya dola 60 kwa dozi nzima katika manunuzi ya pamoja ya nchi. Siku hizi zaidi ya watu 95 kati ya 100 wanaomeza dawa hizi ipasavyo wanapona. Kwa mgonjwa wa Kilimanjaro, dawa ni gharama ya mara moja. Ufuatiliaji, kwa anayeuhitaji, ni gharama ya maisha. Ndiyo maana inafaa kuupigia hesabu kama unavyopigia ada ya shule.

Wengi hawauhitaji

Saratani ya ini kwa mtu aliyepona homa ya ini C haianzi kwenye ini lolote tu. Inaota hasa kwenye ini lililokwisha jaa makovu na kusinyaa, hali ambayo madaktari huiita sirosisi. Kupona hupunguza hatari ya saratani kwa karibu asilimia 70, na kwa mtu ambaye ini lake halikuwa na makovu makubwa, hatari inayobaki ni ndogo kiasi kwamba miongozo ya Ulaya na Marekani haimwambii apimwe mara kwa mara. Anaruhusiwa kwenda zake. Mwenye sirosisi yeye bado yumo: hata baada ya kupona, katika kila watu 100 wa namna yake, mmoja au wawili hivi hupata saratani ya ini kila mwaka. Ukiitazama kwa mwaka mmoja ni namba ndogo. Kwa miaka 10 si ndogo hata kidogo.

Katikati yao kuna kundi lenye makovu mengi ambayo hayajafika sirosisi. Hapo wakubwa hawakubaliani. Wataalamu wa ini wa Ulaya wanashauri kundi hilo lifuatiliwe; wenzao wa Marekani hawalazimishi. Rai yangu ni kwamba mtu wa kundi hili ambaye pia ana kisukari, ana homa ya ini B au amekunywa pombe kwa miaka mingi, alipie. Asiye na hayo akae na daktari wake waamue, asisukumwe na woga wala na bango la hospitali.

Sasa utajuaje uko wapi? Njia ya bei nafuu kuliko zote inatoka kwenye karatasi mbili za damu ambazo pengine unazo tayari: ya vimeng'enya vya ini, AST na ALT, na ile ya picha kamili ya damu, ambayo safu ya PLT huonyesha chembe sahani. Hesabu yake inaitwa FIB-4, na simu ya kawaida inaimudu. Zidisha umri kwa AST, weka jibu pembeni. Tafuta kipeuo cha pili cha ALT, ukizidishe kwa PLT. Kisha gawanya jibu la kwanza kwa la pili.

Tuchukue mzee wa miaka 58 mwenye AST 62, ALT 49 na PLT 110. Miaka 58 mara 62 ni 3,596. Kipeuo cha pili cha 49 ni 7, mara 110 ni 770. Ukigawanya unapata 4.67. Jibu likizidi 3.25, makovu makubwa yanaelekea kuwapo, kwa hiyo mzee huyu anahitaji kutazamwa zaidi. Mama wa miaka 41 mwenye AST 30, ALT 36 na PLT 240 anapata 1,230 kugawanya kwa 1,440, yaani 0.85. Chini ya 1.45 makovu makubwa hayaelekei kuwapo. Kati ya 1.45 na 3.25 hesabu haisemi kitu, na hapo ndipo kipimo kingine huwa na maana. Kwa waliovuka miaka 65 ichukue kwa tahadhari, maana umri peke yake huipandisha.

Namba za kutumia ni za kabla ya dawa. Hili ndilo linalowaponyoka wengi. Kirusi kikiondoka, uvimbe wa ini hutulia, AST na ALT hushuka, na hesabu ya leo itamwonyesha mwenye sirosisi kama mtu mzima kabisa. Makovu hayaondoki kwa kasi hiyo. Karatasi ya siku uliyoanza dawa, iliyochakaa kwenye bahasha ya kaki, ina thamani kuliko majibu mapya ya maabara yenye rangi na nembo.

Kuna mtego mmoja wa eneo letu. Moshi ya chini, kwenye mashamba ya mpunga ya Mabogini na Chekereni ambako mradi wa umwagiliaji ulijengwa miaka ya 1980 kwa msaada wa Japani, kichocho cha tumbo si mgeni. Kichocho cha muda mrefu huvimbisha bandama, na bandama kubwa humeza chembe sahani. Malaria ya kurudiarudia nayo hufanya hivyo. Mkulima wa huko anaweza kuwa na PLT ya chini na FIB-4 ya kutisha bila kuwa na sirosisi. Mweleze daktari unakolima kabla hajakuandikia vipimo vya bei mbaya.

Kipo pia kipimo cha mtetemo kinachojulikana kwa jina la mashine yake, Fibroscan, ambacho hupima ugumu wa ini bila sindano. Ni kizuri, ila mashine zake nchini ni chache. Anayekihitaji ni yule ambaye FIB-4 imemwacha katikati, na anakihitaji mara moja, ikiwezekana kabla ya dawa. Akikirudia baada ya kupona atakuta namba imeshuka na atafurahi, lakini miongozo haikubali kushuka huko kumtoe mwenye sirosisi kwenye ufuatiliaji. Kwa hiyo ukishajua una sirosisi, kulipia Fibroscan kila mwaka ni kulipia faraja tu.

Ultrasaundi, AFP, CT

Kwa aliye na sirosisi, kipimo cha msingi ni ultrasaundi ya ini kila baada ya miezi 6. Muda huo haukuokotwa. Uvimbe mdogo wa saratani ya ini kwa kawaida huchukua miezi kadhaa kuongezeka ukubwa maradufu, na miezi 6 inatosha kuudaka ungali mdogo. Utafiti wa Ufaransa na Ubelgiji uliochapishwa 2011 ulilinganisha miezi 3 na miezi 6: waliopimwa kila miezi 3 hawakuishi muda mrefu zaidi. Kwa hiyo atakayekuambia uje mara nne kwa mwaka wakati hakuna kilichoonekana, muulize sababu.

Faida ya kupimwa imeonyeshwa vizuri zaidi Shanghai. Watu 18,816 waligawanywa makundi mawili, moja likapimwa kwa ultrasaundi na AFP kila miezi 6, jingine likaachwa na huduma za kawaida. Matokeo yaliyochapishwa 2004 yalionyesha vifo vya saratani ya ini vimepungua kwa asilimia 37 katika kundi lililopimwa, ingawa washiriki walihudhuria chini ya theluthi mbili ya vipimo walivyopangiwa. Kweli, wengi wao walikuwa na homa ya ini B, si C. Lakini ini lenye makovu ni ini lenye makovu.

AFP ni kipimo cha damu, protini ambayo uvimbe wa ini huweza kuimwaga. Udhaifu wake ni kwamba sehemu kubwa ya saratani changa haiimwagi, kwa hiyo AFP nzuri haimaanishi ini salama. Ultrasaundi nayo peke yake hukosa nyingi: kwa kujumlisha tafiti, inadaka chini ya nusu ya saratani zikiwa changa, na ukiongeza AFP inafika karibu 63 kati ya 100. Kwa hiyo AFP ina kazi, ila kama nyongeza, si kama mbadala. Ukiambiwa ultrasaundi leo haipo, fanya AFP tu inatosha, subiri au nenda kwingine. Na ukiifanya, ifanye maabara ileile kila mara, kwa sababu kinachosema zaidi ni mwendo wa namba. AFP ya 6, kisha 9, kisha 17 inahitaji macho, hata kama haijafika 20 ambayo ndiyo alama ya hatari inayotumika kwa kawaida.

CT yenye dawa ya mishipa ni kipimo cha kuthibitisha. Ultrasaundi ikionyesha kivimbe cha sentimeta 1 au zaidi, au AFP ikifika 20, hapo CT ya awamu kadhaa, au MRI, ndiyo inayofuata, na kwa mwenye sirosisi picha ikiwa na alama zote za saratani mara nyingi hata kipande cha nyama hakikatwi. Kivimbe chini ya sentimeta 1 kinarudiwa kwa ultrasaundi baada ya miezi 3. Mtu asikuharakishe. Vivimbe vingine ni mafundo ya mishipa ya damu ambayo watu wanazaliwa nayo na kufa nayo. Kuifanya CT kila miezi 6 bila sababu ni kulipa ghali ili upate mionzi, na dawa ya mishipa si rafiki wa figo za wazee.

Chumba chenyewe

Kinachoamua kama ultrasaundi ina thamani si umri wa mashine tu, ni mkono unaoishika. Hospitali nyingi zina mashine kwa sababu ya akina mama wajawazito, na aliyezoea kutazama mtoto tumboni si lazima awe amezoea kutafuta kivimbe cha sentimeta 1 na nusu chini ya mbavu. Uliza bila haya: ni nani anapima tumbo hapa, na yupo siku gani? Siku hiyo ndiyo siku yako.

Uende ukiwa umekaa bila kula kwa muda wa saa 6 hadi 8. Kwa mtu wa Rombo anayeamka saa 10 alfajiri kuwahi Noah ya kwanza, hili ni gumu, na ndilo linaloharibu safari nyingi.

"Shikamoo, meku. Umekula chochote?"

"Marahaba, mama. Sijala. Nimekunywa uji tu."

Uji ni chakula. Mfuko wa nyongo unajikunja, tumbo linajaa hewa, na nusu ya ini inafichika. Mwenye kisukari asikae na njaa kienyeji. Aombe namba ya kwanza kabisa asubuhi na aulize kuhusu dawa zake.

Ndani, mpimaji mzuri hatakuacha umelala chali tu. Atakugeuza ubavu wa kushoto, atakwambia uvute pumzi ndefu uishike, atasogeza kifaa kati ya mbavu, atarudi alipopita. Akimaliza kwa dakika mbili huku anaongea na simu, umelipia jeli. Ripoti nayo isiseme "ini ni la kawaida" ikaishia hapo. Iseme uso wa ini ni laini au una mabonde, bandama ina sentimeta ngapi, maji tumboni yapo au hayapo, na kama kuna kivimbe, kina ukubwa gani na kiko upande gani. Zaidi ya yote iseme kama ini lote limeonekana. Wamarekani wana mtindo wa kuandika A, B au C kwa uonekano. Sisi yatutosha sentensi moja ya Kiswahili au ya Kiingereza. Mtu ambaye ini lake halionekani vizuri kwa sababu ya mafuta ya mwili au gesi anapaswa kujua, ili daktari amtafutie njia nyingine badala ya kumpa kila miezi 6 cheti cha kutoona.

Mlimani, mjini, au Dar

Hapa ndipo pesa inapotofautiana, na si kwa bei ya kipimo peke yake. Milimani kuna hospitali za makanisa zilizozoeleka: Machame, Kibosho, Kilema, Marangu, Huruma kule Rombo. Mjini kuna Mawenzi, hospitali ya rufaa ya mkoa, kuna KCMC, hospitali ya rufaa ya kanda iliyofunguliwa 1971, na kuna za binafsi na vituo vya picha. Halafu kuna Dar, ambako watoto huwaita wazee "wakafanyiwe uchunguzi wa mwili mzima".

Bei hubadilika, kwa hiyo nitafanya hesabu kwa namba za mfano ambazo si za hospitali yoyote, weka zako. Chukua ultrasaundi Sh 30,000, kumwona daktari Sh 15,000, na nauli ya mgonjwa na msindikizaji kutoka Rombo kwenda Moshi mjini na kurudi Sh 20,000. Safari moja ni Sh 65,000, mwaka mzima Sh 130,000. Ongeza AFP ya Sh 40,000 kila safari, mwaka unakuwa Sh 210,000. Hospitali ya karibu na nyumbani, ultrasaundi Sh 25,000, daktari Sh 10,000, bodaboda Sh 6,000: mwaka ni Sh 82,000. CT moja ya Sh 350,000 inalingana na zaidi ya miaka minne ya ultrasaundi za karibu na nyumbani. Na safari ya Dar, ukiweka basi la watu wawili, malazi hata ya kwa shemeji, na siku za shamba zilizopotea, hata sihitaji kuijumlisha.

Uamuzi wangu kwa mtu wa kawaida wa mlimani ni huu: mara ya kwanza aanzie mjini, kwa mtaalamu wa magonjwa ya ndani, apangwe yuko kundi gani na apate ultrasaundi ya kulinganishia. Baada ya hapo, kama hospitali ya karibu naye ina mtu anayejua kutazama ini, afanyie huko, kila miezi 6, na mjini aende mara moja kwa mwaka au kitu kikionekana. Kama hospitali ya karibu haina mtu huyo, nauli ya mjini ni sehemu ya gharama ya kipimo na hakuna ujanja. Yule mwenye watoto Dar wanaotaka kumlipia "kipimo kikubwa" mara moja, awaombe hela hiyo waigawe iwe ultrasaundi za miaka mitatu. Kipimo kikubwa kimoja kikifuatiwa na kimya cha miaka mitatu hakimsaidii mwenye sirosisi.

Miezi nayo ni ya kuchagua. Watu hupenda Desemba kwa sababu familia yote imerudi kihambani, lakini Desemba nauli hupanda, kliniki hupungukiwa watumishi, na ada za Januari zinanyemelea. Machi hadi Mei ni masika, na barabara za udongo za juu zinateleza. Februari na Agosti zinafaa: njia kavu, sikukuu ni chache, na kati yake ni miezi 6 kamili.

Kuhusu bima, kadi ya CHF iliyoboreshwa, ambayo familia ya watu hadi 6 ilikuwa ikilipia Sh 30,000 kwa mwaka, ilipangwa kuanzia zahanati mpaka hospitali ya rufaa ya mkoa, yaani Mawenzi, na kwa kufuata rufaa. Ukiiruka ngazi ukaenda moja kwa moja juu, unalipa mfukoni. Mwenye NHIF ana wigo mpana zaidi, ila aulize kwanza dirishani kama AFP na CT zinahitaji kibali, asije akaambiwa baada ya damu kutolewa. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote iliyopitishwa 2023 inabadilisha mpangilio huu, kwa hiyo kila mwaka unapolipia, uliza upya kadi yako inagusa nini. Na wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo wana haki ya msamaha kwa sera ya serikali. Barua ya mtendaji wa kijiji inafuatwa kabla ya safari, si baada.

Kikionekana, je?

Kabla ya kuanza safari hii ya miaka, mtu ajiulize pamoja na familia: kikionekana kitu, tutafanya nini? Swali hili si la kukata tamaa. Ufuatiliaji una maana kwa mtu anayeweza kutibiwa. Uvimbe mmoja mdogo, au vivimbe visivyozidi vitatu na kila kimoja kisichozidi sentimeta 3, unaweza kukatwa au kuchomwa kwa sindano ya joto, na wengi wa waliotibiwa hatua hiyo huwa hai baada ya miaka 5. Nchini, Muhimbili ilianza mwaka 2018 kukuza tiba za kupitia sindano na mishipa ya damu kwa kushirikiana na wataalamu kutoka nje, na upasuaji wa ini unafanywa na wachache. Kupandikizwa ini bado ni safari ya nje, hasa India. Mtu ambaye ini limekwisha shindwa, tumbo limejaa maji, anachanganyikiwa, na kupandikizwa hakuwezekani, miongozo yenyewe inasema asisumbuliwe na ultrasaundi za kutafuta saratani. Hela hiyo imtunze.

Tofauti ya kuchelewa na kuwahi imeandikwa. Utafiti uliokusanya wagonjwa wa saratani ya ini kutoka nchi kadhaa za Afrika, uliochapishwa 2017, ulikuta nusu ya wagonjwa wa Misri waliishi karibu miezi 11 au zaidi tangu kugunduliwa, na nusu ya wale wa nchi nyingine za Afrika hawakufika miezi 3. Misri si kwamba ina maini bora. Ilikuwa na homa ya ini C kuliko karibu nchi yoyote, kwa sehemu kubwa kutokana na sindano za kichocho zilizochomwa vijijini kwa vifaa visivyo safi, na kwa uchungu huo ikajenga kliniki, ikapima mamilioni ya watu na kuwatibu, na ikafuatilia wenye sirosisi. Huku kwetu wengi bado wanaingia hospitali tumbo likiwa limeshavimba.

Vya bei nafuu, na vya bei ya bure

Kuna mambo yanayopunguza hatari ambayo hayana risiti. La kwanza halipendwi mlimani. Mbege ni heshima, ni ndizi, ulezi na msesewe, ni posa na matanga, na hakuna anayetaka kukaa nje ya duara. Lakini kwa mwenye sirosisi hakuna kiasi cha pombe kilicho salama, iwe mbege, bia au konyagi. Anayelipia ultrasaundi mara mbili kwa mwaka na kunywa kila Jumamosi analipa pande zote mbili.

La pili linapendeza zaidi. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lilipitia tafiti za kahawa mwaka 2016 na kukuta kwamba wanywaji wa kahawa wana saratani ya ini kidogo kuliko wasiokunywa. Mlima huu umeuza kahawa yake kupitia chama cha ushirika cha KNCU tangu miaka ya 1930, na nyumba nyingi zilizoipanda hunywa chai. Vikombe viwili kwa siku havitamdhuru mtu. Ila kipitio hichohicho kilionya kuhusu vinywaji vya moto kupita nyuzi 65 kwa ajili ya saratani ya koo la chakula, na watafiti waliopima chai ya watu wa Kilimanjaro walikuta wanaanza kuinywa ikiwa karibu nyuzi 70. Mimina, ngoja, kisha kunywa.

La tatu ni mahindi na karanga. Sumukuvu inashirikiana na homa ya ini B kuleta saratani ya ini, na mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara waliokula mahindi yaliyoharibika. Kuchemsha hakuiondoi. Debe lililoota ukungu litupwe, lisipelekwe mashineni wala lisigeuzwe pombe.

La nne lina bei, lakini ya mara moja: pima homa ya ini B, na kama huna, chanja dozi zote tatu. Watoto wa Tanzania wanaipata chanjo hiyo tangu 2002. Watu wazima wengi wamepitwa.

Na lipo la kutonunua. Chupa za "kusafisha ini" zinauzwa stendi, sokoni na kwenye simu, na zinapendwa kwa sababu zinaahidi kumaliza jambo. Mwaka 2011 kikombe cha dawa huko Samunge, Loliondo, kilikuwa Sh 500 tu, na magari yalipanga foleni ya kilometa kadhaa; nauli ndiyo iliyowamaliza watu. Makovu ya ini hayasafishwi, na baadhi ya mizizi huliumiza ini lililochoka. Hela ya chupa mbili za namna hiyo inakaribia hela ya ultrasaundi moja.

Kama hujui ini lako lilikuwa hatua gani kabla ya dawa, usianze na ultrasaundi. Anza na dirisha la kumbukumbu la hospitali ulikotibiwa. Omba nakala ya AST, ALT na PLT za kabla ya kidonge cha kwanza, piga hesabu, kisha mpelekee daktari karatasi hiyo na umuulize swali moja: mimi nimo, au nimetoka?